Maagizo Kumi na Manne ya Kusafirisha Mashine

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nitajuaje kwamba mashine iliyo kisiwani Nosy Be inawaka, wakati mimi niko Mahajanga na anayeniambia kwamba inawaka ndiye anayeiuza?

Nililigeuza swali hilo kwa wiki nyingi. Kama inawaka, je, inawaka ikiwa ya baridi, au mpaka fundi anayeiuza aipashe kwanza kabla mnunuzi hajafika? Kama visu vyake vinazunguka hewani, je, vitazunguka vikikutana na udongo mgumu? Na kama ni nzima leo, nani atazuia wapakiaji wasiiangushe gatini? Nilikuwa na shahada mpya ya kilimo kutoka Antananarivo, sikuwa na kazi, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuona kasoro za kila kitu kabla hazijatokea.

Mashine niliihitaji kwa sababu ya kiwanja cha Amborovy. Baba alikinunua zamani, upande wa kwenda uwanja wa ndege, akikusudia kupanda mboga za kuwauzia wenye hoteli. Hakuwahi kuvuna. Aliuawa mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita, siku zile watu wenye asili ya Ngazija walipokuwa wakisakwa Mahajanga nyumba hadi nyumba.

Mimi nilikuwa chuoni. Ninachokijua nimekiokota kwa vipande. Walimburuta nje ya nyumba yetu ya Antanimasaja kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Walikuwa sita au saba, na wawili kati yao walikuwa wateja wa kila wiki wa duka lake. Walimkata mabega kwanza, halafu mikono aliyoiinua kujikinga, halafu shingo. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisakalava aliyekuwa akiuza mkaa, alimlaza mama yangu chini, akamfunika kwa magunia ya mkaa, kisha akakaa juu ya magunia hayo na kuanza kumsuka binti yake nywele. Wanaume wakaja na mapanga yakiwa bado na damu mbichi, wakamuuliza kama amemwona mke wa Mngazija. Aliwatukana matusi ya nguoni mpaka wakacheka, wakaenda zao. Mama alikuwa chini yake, anasikia kila kitu.

Tangu hapo mama hakuweza kumwona mwanamume ameshika panga. Muuza madafu akipita mtaani, alifunga dirisha na kukaa chini kwenye sakafu mpaka sauti yake ipotee. Kiwanja kikaota majani yaliyonipita urefu. Nilimwambia mara moja tu kwamba tuite vibarua.

"Mwenye panga hakanyagi kiwanja cha baba yako," alisema. "Nikifa, waite."

Moto nao hakuutaka. Siku zile watu walichomwa ndani ya nyumba zao, na harufu ya majani yanayoungua ilimtapisha.

Mwaka wa sabini na tisa ikaja karatasi ya kamati ya mtaa. Ardhi isiyolimwa itapewa wengine. Wakaguzi wangepita Amborovy mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, na wakikuta pori, kiwanja kimekwenda. Mama hakuwa na kitu kingine cha baba. Hata kaburi lake hatukulijua, kwa kuwa maiti walizikwa pamoja, kwa haraka.

Ndipo mjomba, kaka yake mama anayeishi Nosy Be, alipotuma habari kwamba fundi mmoja wa pikipiki mjini Andoany anauza mashine ya bustani. Ilikuwa mali ya msimamizi wa shamba la mlangilangi aliyerudi kwao Ufaransa. Ilikuwa ya kushikwa kwa mikono miwili, unatembea nyuma yake. Mbele kilifungwa kisu kirefu chenye meno cha kukatia majani, na ukikitoa hicho unafunga visu vinavyozunguka vya kulimia. Niliposoma habari hiyo niliona njia ya kukifyeka kiwanja chote bila panga hata moja kuonekana.

Nikaanza kuandikiana na fundi. Nilimwomba namba za injini. Nilimwomba picha, akatuma picha ambayo yeye mwenyewe amesimama mbele ya mashine akiificha nusu. Nilimwomba afungue plagi, aifunge kwenye kitambaa bila kuifuta, aniletee kwa posta. Ilipofika niliitazama juani: ncha yake ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, dalili ya injini inayochoma vizuri. Nilifurahi kwa siku moja. Siku ya pili nikajiuliza nitajuaje kwamba plagi hiyo imetoka kwenye mashine hiyo.

Hatimaye nikaona dawa ni shahidi. Fundi amkabidhi mjomba mashine, mjomba aijaribu mwenyewe kijijini kwake, kisha aifunge na kuipeleka gatini. Nikamwandikia mjomba barua ya kurasa tatu yenye maagizo kumi na manne, nikabaki na nakala. Aimwage petroli yote na kuacha tangi wazi likauke. Aondoe visu, avipake grisi, avifunge kwenye gunia peke yake. Azibe mdomo wa kabureta kwa kitambaa chenye nta. Mipini ilegezwe na kukunjwa, maana mipini inayochomoza ndiyo wapakiaji wanayoidaka. Kasha liwe la mbao, mashine isimame wima na kufungiwa chini kwenye mbao mbili za msalaba, mapengo yajazwe makuti makavu, si pumba, kwa kuwa pumba hunyonya unyevu wa bahari. Lisiwekwe karibu na magunia ya chumvi.

Maagizo hayo yalikuwa sahihi. Mashine hiyohiyo ilipofungwa kwa kuyafuata, mwaka mmoja baadaye, ilifika Mahajanga bila kutu hata kwenye skrubu.

Agizo la tisa lilisema: siku moja kabla ya meli kuondoka, iwashwe ikiwa ya baridi na ilimishwe hatua ishirini kwenye ardhi ngumu. Meli ya mizigo iliondoka Andoany kila Jumatano. Nilikuwa nimefikiria chumvi, umande, wapakiaji, kutu na uongo wa fundi. Sikufikiria kwamba siku moja kabla ya Jumatano ni Jumanne.

Kijiji cha mjomba kiko kando ya mashamba ya mlangilangi, na juu yake, mlimani, kuna makaburi ya wafalme. Hapo ardhi haikatwi Jumanne. Hakuna jembe, hakuna mchi wa kuchimbia mashimo ya nguzo, hata kaburi halichimbwi. Mama amezaliwa kijiji hicho na angeniambia kwa neno moja, lakini barua sikumwonyesha, kwa sababu sikutaka aone nilivyokuwa na wasiwasi. Mimi nilikulia mjini, ambako hakuna anayeiuliza ardhi leo siku gani.

Simu ya maandishi ilifika Alhamisi: mashine imemkata mtu, mjomba yuko hospitali, njoo. Mama aliniuliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia Jumanne. Alikaa kwenye kizingiti.

"Nani alimwambia Jumanne?"

Nikasema sijui.

Nilifika Andoany Jumatatu. Yaliyotokea nilielezwa na kila mtu, na yalilingana. Mjomba aliiwasha asubuhi nyuma ya nyumba yake. Ilishika kwa mvuto wa pili. Akaanza kulima, huku akihesabu hatua kwa sauti, na alikuwa amefika ya kumi na moja watu walipoingia uani wakikimbia. Walimpigia kelele azime, na yeye, kwa mlio wa injini, hakusikia au hakutaka kusikia. Kijana mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya maua, alimrukia na kumsukuma kando akashika mipini mwenyewe. Hakujua kizimio kiko wapi. Mashine iligonga jiwe, ikaruka, ikamrudia. Visu vilipita juu ya mguu wake wa kulia mara mbili kabla injini haijazimika, vikachukua vidole vitatu na kupasua wayo mpaka kwenye kisigino.

Damu ilipoingia kwenye udongo uliochimbwa Jumanne, wakamgeukia mjomba. Walimpiga kwa michi. Mkono wa kushoto ulivunjika pawili, taya likavunjika, mbavu sijui ngapi. Kaka wa yule kijana alimkanyaga mkono uliokwisha kuvunjika na kuusaga kwa kisigino, akimuuliza anasikia sasa au bado. Mke wa mjomba alijilaza juu yake, naye akapigwa mgongoni mpaka wakachoka. Mashine waliiponda kifuniko, kisha wakaifunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo uani kwa mama anayesimamia mambo ya makaburi, kama mnyama aliyeua.

Hospitali ilikuwa na wodi moja ya wanaume. Mjomba na kijana aliyekatwa mguu walilazwa vitanda vinavyotazamana.

"Mzee Jumanne kaletewa mgeni," kijana alisema nilipoingia. Alikuwa na mabega mapana, na mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi ukawa mkubwa kama mtoto mchanga.

Mjomba alisemea kwenye meno, taya lake limefungwa kwa kitambaa kilichozunguka kichwa. "Lala wewe. Mdomo umekuwa mrefu kuliko mguu."

"Mguu umefupishwa na nani? Vidole vyangu vitatu viko shambani kwako. Vimwagilie maji, huenda vikaota."

"Vikiota nitakuuzia."

Mke wa mjomba aliwapakulia wote wawili kutoka sufuria moja. Mjomba alinyweshewa uji kwa kijiko, na kijana akala wali wake kwa pupa huku akiendelea kumtania kwa mdomo uliojaa. Halafu akanitazama na kuuliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, mjomba alijibu kwamba mimi ni mpwa wake, nimekuja kumjulia hali, na habari za mashine sizijui hata kidogo.

Kijana akacheka. "Basi mwambie mjomba wako ajifunze kuhesabu siku. Sisi wasiosoma tunazijua zote saba."

Nilikaa pembeni ya kitanda nikitazama vidole vya mjomba vilivyovimba, vyeusi kwenye kucha. Nakala ya barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa nimeichukua kwa ajili ya kumbana fundi.

Fundi alinifuata jioni hiyo mlangoni mwa hospitali. Alikuwa na mpango. Mtoto wa kiume wa yule mama wa makaburi ni mteja wake wa pikipiki, asingemzuia. Kesho yake Jumanne, kwa kuwa hakuna kazi ya ardhi, watu wangekuwa mjini sokoni, na kamba ya ng'ombe hukatwa kwa pigo moja. Angeileta mashine gatini kwa mkokoteni, angeigongea kifuniko kipya, na Jumatano ingepanda meli. Ijumaa ningekuwa nayo Mahajanga. Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu itakayofuata. Siku mbili zingetosha kulaza majani ya Amborovy. Meli nyingine ilikuwa baada ya wiki nzima, na wakati huo kiwanja kingekuwa cha mtu mwingine.

Nilimuuliza mjomba kwa sauti ya chini, kijana akiwa amesinzia. Aliniambia nichukue mashine niende. Mfupa wake hautaunga haraka kwa sababu mimi nimekaa, na dada yake hana kingine duniani. Nikamuuliza kuhusu kijiji. Akafumba macho, akasema kijiji ni shauri lake.

Ni mkewe aliyenitoa nje na kuniambia. Kijiji kilikuwa kimeamua kumfukuza. Alhamisi nguzo za nyumba yao zingeng'olewa. Mtu akikosea siku kwa kutojua, au kwa kutumwa, anafanyiwa usafi, ng'ombe anachinjwa, anarudi nyumbani. Lakini mjomba alipoulizwa kama alijua leo ni Jumanne, alijibu alijua. Alipoulizwa nani kamtuma, alijibu hakuna. Hapo hapakuwa na usafi. Na kaka wa yule kijana alikuwa ameapa kwamba akimkuta mzee tena kijijini, atammalizia upande uliobaki.

"Nilimwambia," alisema. Alikuwa akiongea akitazama ukuta, kwa sababu mgongo ulimuuma akigeuka. "Nilimwambia, leo Jumanne. Akaniambia, aliyeandika amesoma mpaka Antananarivo. Amefikiria mambo mpaka ya nta na makuti. Atakosaje kufikiria siku?"

Alirudi ndani kuosha sufuria.

Nilitembea mpaka gatini nikarudi, nikaenda tena. Nilifanya nilichokuwa nikifanya siku zote: nililipima jambo. Nikikaa kimya nikasafiri, mama anabaki na kiwanja, mjomba anakosa nyumba, na labda anauawa kama baba alivyouawa, na wanaomjua. Nikisema, anayelaumiwa ni mimi mgeni. Mjomba anakuwa mtu aliyefuata maandishi ya mwingine, na usafi unawezekana. Lakini ng'ombe na siku ya kumchinja vinataka muda, mashine haitaguswa mpaka hapo, na mama anapoteza ardhi. Labda kuna njia ya tatu. Labda nimwambie fundi achukue mashine kwanza, kisha mimi niandike barua ya kukiri nikishafika Mahajanga. Hiyo niliipenda kwa dakika kumi nzima. Niliipanga mpaka sentensi zake. Halafu nikajiona: nilikuwa nikitunga barua nyingine, yenye maagizo mengine, ya kusomwa na watu wengine mahali ambapo mimi sipo.

Na niliogopa. Hilo nililizungusha kwa maneno mengi, lakini lilikuwa ni hilo tu. Niliogopa michi. Tangu baba auawe nilikuwa nimejifunza, bila kufundishwa na mtu, kuishi mbali na mahali vitu vinapotokea.

Asubuhi ya Jumanne nilikwenda posta ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Nilitaka kufanya jambo ambalo halirudishwi kabla sijapata nafasi ya kulifikiria upya. Nilimwandikia mama simu ya maandishi: Jumanne niliichagua mimi. Nilikudanganya. Mashine haiji. Waite watu wenye mapanga, wakate Amborovy kabla ya Jumatatu. Nenda kakae kwa mama wa mkaa wakati wanakata.

Karani alisoma maneno hayo kwa sauti akiyahesabu. Alipofika kwenye mapanga aliinua macho. Nikamwambia ndivyo. Aligonga mhuri, na nikajua sasa mama atayasoma jioni hiyohiyo, kwenye kizingiti kilekile.

Kwa fundi nilipita kumwambia aache kamba ya ng'ombe ilivyo. Alinitukana na kuniita mwoga, na sikuwa na nafasi ya kubishana naye.

Nilifika kijijini jua likiwa limepanda. Ua wa yule mama ulikuwa na watu wapatao kumi, wamekaa, hakuna anayefanya kazi. Mashine ilikuwa kwenye nguzo yake, kifuniko kimebonyea, na katikati ya visu kulikuwa na udongo uliokaukiana na kitu cheusi ambacho nzi walikuwa bado wanakijua. Kaka wa kijana alikuwa ameegemea ukuta. Nilimjua kwa mabega. Mchi ulikuwa karibu naye.

Yule mama aliniuliza natafuta nani. Nilimsalimu kama mama yangu alivyonifundisha kuwasalimu watu wa huko, nikajitaja mimi ni mtoto wa nani. Kisha nikasema:

"Siku ile niliichagua mimi. Mjomba alifuata maandishi yangu."

Pigo la kwanza lilinipata kwenye goti, na sikuona mchi ukiinuliwa. Nilianguka kwa mikono. La pili lilinipiga sikioni, dunia ikajaa mlio, na nikasikia kwa mbali mtu anauliza anasikia sasa au bado. Wanawake walipiga kelele. Yule mama alisema neno moja na la tatu halikuja.

"Maandishi gani?" aliuliza.

Nilitia mkono mfukoni nikatoa nakala. Damu ya sikio ilikuwa ikidondokea kwenye ukurasa wa kwanza, nikaifuta kwa mkono wa shati. Wino ulisambaa kidogo lakini maneno yalisomeka. Yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo ilibidi niyageuze kwa Kimalagasi sentensi moja moja, kwa sauti, ili hata kaka wa yule kijana, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mchi wake, ayasikie. Nikaanza na agizo la kwanza.